Bwana Alivyonitoa Kwenye Programu Zisizouzwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa mbele wameitika, wa nyuma wananitazama tu. Bwana asifiwe, wa nyuma! Haya, sasa tumekutana.

Mimi ni Mama Tumaini. Wengi mnanijua, na msionijua kwa sura mnanijua kwa ulimi. Nimezaliwa hapa hapa Ng'ambo. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akasahau kurudi. Nina duka la kompyuta Mlandege, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeingia pale akabishana nami akatoka ameshinda. Kwaya wanalijua hilo, na mchungaji pia, ingawa leo anajifanya anatafuta ukurasa.

Ndugu zangu, nilikuwa na biashara iliyonipendeza sana. Nyumba za wageni za Mji Mkongwe zinahitaji programu ya kompyuta ya kupangia vyumba: nani anaingia leo, nani anatoka, chumba kipi kiko wazi, risiti itoke vipi. Programu hiyo ukiinunua kwa njia yake ni ghali. Mimi nilikuwa nikiiuza chini ya nusu ya bei. Watu walikuja kwangu kutoka Nungwi, walikuja kutoka Paje, na kila mmoja alitoka akiniombea dua.

Siri yake ni hii. Kampuni zinazotengeneza programu hizi huwapa mawakala wao nakala za kujifunzia na za kuwaonyesha wateja. Nakala zenyewe ni nzima, zinafanya kila kitu, ila juu ya boksi pana karatasi yenye maandishi mekundu: si ya kuuzwa. Mtu mmoja wa Dar alikuwa akizipata hizo na kuniletea kwa boti. Mimi nakaa nyuma ya duka na kitambaa na mafuta ya taa, naibandua ile karatasi taratibu kwa ukucha, kisha nabandika yangu yenye jina la duka na maneno "Karibu Tena". Chekeni tu, hata mimi nacheka. Walikuja tena kweli, lakini hawakuja kununua.

Na wala sikuona dhambi! Ukiniuliza, nilikuwa na jibu tayari. "Nimenunua kwa pesa yangu, ni changu, nauza nitakavyo. Mtu akinunua baiskeli, haruhusiwi kuiuza?" Nani angenijibu? Niliitolea biashara ile fungu la kumi. Nilifunga siku tatu kuiombea ikue. Ndugu zangu, nadhani mbinguni walitazamana.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, ana nyumba ya wageni Mkunazini, ameipanga kwa mtu, vyumba tisa. Hajui kompyuta na hataki kuijua. Kazi yote ya mapokezi aliifanya Asha, mjane wa Makunduchi, mtu wa maneno machache, anayeandika kila kitu na kukisoma mara mbili. Asha alikuwa anasomesha watoto wawili kwa kazi ile.

Sasa ikafika asubuhi moja ya msimu wa wageni. Simu ikalia. Bi Zuhura anapiga kelele, programu imegoma. Nikafika mbio. Nikakuta wageni wamejaa ukumbini na mizigo yao, watu wawili wawili wanadai chumba kimoja, na majirani wa barazani wameshageuza shingo. Kompyuta haionyeshi chumba wala jina la mgeni. Kinachoonekana ni maandishi tu.

Asha alikuwa ameshayasoma. Akasema kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, hapa wameandika kibali hiki kilitolewa cha mafunzo, hakifai kwa biashara. Wamekifunga wenyewe kule kule kiwandani."

Ndugu zangu! Nilijua ndiyo hiyo. Kampuni imezijua namba za zile nakala za kuonyeshea, imezifunga. Nikatazama wageni, nikatazama majirani, nikamtazama Bi Zuhura aliyenilipa na kuniombea dua. Na ulimi wangu, huu huu mnaousikia, ukatangulia mbele yangu ukasema: "Hapana. Kuna mtu amebonyeza pasipobonyezwa."

Mtu gani? Anayeigusa ile mashine ni mmoja tu.

Bi Zuhura akamgeukia Asha. Pale pale, mbele ya wageni na majirani, akamwambia: "Siku zote nnakwambia usiguse usichokijua! Toka. Hapa kazi huna tena." Asha akanitazama mimi, wala si yeye. Akachukua mkoba wake, akavaa viatu mlangoni, akaenda zake. Na mimi nilinyamaza! Mimi, ambaye watu wananinunulia soda ninyamaze!

Siku zile nilikuwa sili. Nilikwenda kwa wakili mmoja, na msidhani nilikwenda kutubu. Nilikwenda kutafuta utetezi. Nikamwekea mezani hoja yangu ya baiskeli. Yule wakili akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama, baiskeli uza. Hapa hukununua programu. Mwenye programu hakuiuza. Ametoa ruhusa ya kuitumia, kwa masharti. Zipo nchi watu wamebishana mahakamani juu ya nakala iliyouzwa kihalali kisha ikauzwa tena. Lakini hii yako haijawahi kuuzwa tangu mwanzo. Ilitolewa ya kuonyeshea. Ukiiuza umevunja mkataba, na mwenye haki yake anaweza kukushtaki. Aliyenunua kwako naye hana kibali hata kama ana risiti yako."

Nikamuuliza, "Na kama aliyenunua hakujua?"

"Basi wewe ulijua," akasema.

Nilitoka pale nimekasirika. Nikajiambia hawa wanasheria wanatafuta wateja tu. Nikampigia yule mtu wa Dar, akanicheka, akasema, "Mama Tumaini, hilo dogo. Nakutumia namba nyingine, uzibadilishe, nani atajua?" Nikazipokea. Nikapanga nizipeleke kwa Bi Zuhura, niamshe programu, nionekane shujaa, na jambo la Asha lijifie lenyewe. Naomba mnielewe, ndugu zangu: nilikuwa natoka ibadani siku hiyo, na nilikuwa nimeimba.

Lakini Bwana ni mwaminifu! Bwana hakusubiri nimtafute!

Kompyuta walikuwa wameipeleka nyumbani kwa Bi Zuhura, Malindi. Nyumba anayokaa ni ya wakfu. Kwa wasiojua, babu yao aliitoa kwa ajili ya Mungu na kizazi chake: wakae, waitunze, wasiiuze. Nimefika, "Hodi," "Karibu," shikamoo, marahaba, nimekaa, nimefungua mashine. Kabla sijabonyeza kitu, akaingia mtu mmoja, mfanyabiashara wa vitu vya kale. Alikuja kuutaka ule mlango wa mbele wa nakshi. Anao mnunuzi.

Bi Zuhura akamwambia, "Nshakwambia mara ya kwanza. Mlango wa wakfu hauuzwi."

Yule mtu akacheka, akasema: "Bi Zuhura, si uko mikononi mwako? Si wewe unayeutia mafuta? Tutaweka mlango mwingine pale, unaofanana. Nani atajua?"

Ndugu zangu! Maneno yale ni yangu! Ni yangu na ya mtu wa Dar, kasoro mafuta ya taa tu. Na Bi Zuhura, ambaye nilijua paa la nyumba ile linavuja, na msimu wake umeharibika kwa sababu yangu, akainuka kwenye kiti.

"Nimepewa nikae, sikupewa niuze," akasema. "Mimi kujua peke yangu kunatosha. Naam, mlango huo, tokea."

Akatoka. Bi Zuhura akarudi kukaa, akanigeukia mimi kwa upole kabisa, akasema, "Watu wengine hawana haya, Mama Tumaini. Haya mwanangu, endelea na kazi yako."

Mwanangu! Nilifunga ile mashine. Nikapiga magoti juu ya jamvi la watu, mimi Mkristo ndani ya nyumba ya wakfu, nikalia. Nikasema yote. Nikasema boksi, nikasema karatasi nyekundu, nikasema mafuta ya taa, nikasema Asha alisoma sawasawa na mimi nikamsingizia.

Mnadhani alinikumbatia? Hakunikumbatia! Bi Zuhura aliisukuma ile mashine kando. Kisha akasema, "Mashine sijali. Mashine itanunuliwa. Lakini umenitia mdomoni dhuluma, nimeitema juu ya mjane, mbele za watu." Akainuka akavaa baibui lake. "Twende Makunduchi. Sasa hivi."

Tulimkuta Asha ufukweni na wanawake wenzake, anafunga mwani kwenye kamba, nguo imelowa hadi kiunoni. Alituona, akamaliza kwanza kamba aliyoishika. Bi Zuhura, mtu mzima vile, akaanza yeye kuomba radhi. Na mimi nikaeleza, na safari hii sikuweka baiskeli wala tone la utetezi.

Asha akasema, "Mimi nilijua siku ile ile. Nilisoma." Akajifuta mikono. "Nimekusameheni, Mungu shahidi. Lakini mlinifukuza mbele za watu. Watoto wangu waliambiwa njiani kwamba mama yao kaharibu mashine ya watu. Huku ufukweni nani atawaambia sivyo? Yasemeni pale pale yaliposemwa."

Nilidhani kupiga magoti kwenye jamvi ndiyo mwisho wa kazi. Ndugu zangu, ule ulikuwa mlango tu wa kuingilia!

Kesho yake asubuhi nikasimama Mkunazini mbele ya ile nyumba ya wageni. Baraza zimejaa. Muuza kahawa yupo, fundi cherehani yupo, wapo hata wawili watatu wa kwenye mtaa wangu waliopita tu kwa bahati yangu mbaya. Nikasema kwa sauti, "Asha hakuharibu kitu. Niliuza programu isiyouzwa, ikafungwa, nikamsingizia. Mwongo ni mimi." Fundi cherehani akasimamisha mashine. Mzee mmoja akauliza, "Kasema nini?" Ikabidi nirudie yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi!

Na hapo hapo, ndugu zangu, nilifunguliwa! Sijui niseme vipi. Kile kitu kilichonikaa kifuani siku zote zile, kilichonifanya niimbe bila kusikia ninachoimba, kilitoka! Nilipumua mpaka chini kabisa. Nilicheka na kulia palepale barabarani, mpaka muuza kahawa akanipa kikombe akakataa malipo.

Siwadanganyi kwamba baada ya hapo ilikuwa karamu. Niliwazungukia wateja wote niliowauzia, mmoja mmoja, Nungwi mpaka Paje, nikawaambia ukweli na kuwatafutia vibali halali, na gharama ilikuwa juu yangu. Pikipiki yangu imeondoka. Nusu ya duka nimempangisha fundi simu. Wapo walionitukana mpaka nikajua matusi mapya. Kampuni yenyewe niliiandikia barua, nikasema nilichofanya. Wamenijibu kwamba wanalitazama. Sijui wataamua nini, na nawaambia kwa kinywa kipana: siogopi! Wakija, watanikuta dukani, na hawatakuta kitu cha kuficha. Nalala nikiweka kichwa tu!

Bi Zuhura amenunua programu ya halali, kwangu, kwa bei yake kamili. Nilishangaa kuliko yeye. Asha alirudi kazini, lakini kwa sharti: kabla hajaigusa mashine alikaa na karatasi za masharti ya programu, kurasa zote, anasoma mstari kwa mstari, na kila asipoelewa ananiuliza. Tulianza asubuhi tukamaliza adhuhuri. Hakuna shahada ya biashara itakayonifundisha kama saa zile.

Ndugu zangu, nawaita leo. Labda wewe huuzi programu. Labda una kitu ulichopewa ukitumie na umekifanya mali yako, na una hoja nzuri kuliko baiskeli yangu. Na labda yuko mtu aliyebeba lawama yako, na wewe unaimba. Mwamini Bwana! Usiogope utakachopoteza, mimi nimepoteza na niko hapa nimenenepa! Nenda ukaseme. Kamwambie uliyemkosea, kisha kaseme pale pale yaliposemwa. Yeye aliyenishika mimi na ulimi wangu huu, wewe utamshindaje?

Namshukuru Mungu. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Na sijasimama hapa kwa sababu mchungaji ameniita. Siku ile Mkunazini, baada ya kikombe cha kahawa, Asha alinifuata akaniuliza, "Na kanisani kwenu, kuna watu walioisikia habari yangu?"

Nikamwambia wapo. Wapo wengi, maana uongo ule niliwasimulia mimi mwenyewe, hapa nje, baada ya ibada, na mkacheka.

Anaitwa Asha. Hakuharibu kitu. Naomba mtoke hapa mkaseme hivyo.