Jiwe la Tao la Benki ya Zamani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Timazi kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, na mwaka uliofuata akachukuliwa na baba yake mdogo kujifunza uashi wa mawe.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa binti huyu anayewasomea. Kaka wa mama, yaani mjomba wetu, naye alikuwa mwashi, na mwaka 1975 wote wawili waliajiriwa kukarabati benki ya zamani pale mjini, lile jengo la nguzo sita, lenye ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu, na tao pana juu ya mlango, ambalo jiwe lake la kati lilichongwa ua la majani manane.

Wapendwa, hapa ndipo Baba alipoagiza tusiruke. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, chokaa ikiwa bado mbichi, alikosa subira akazing'oa mbao zilizoshikilia tao, lile jiwe likaanguka, likapasuka vipande viwili juu ya ngazi, na msimamizi alipouliza, Baba akamnyooshea kidole shemeji yake. Mjomba alifukuzwa siku ileile, na kwa kuwa jina baya halina dawa, hakupata tena kazi ya mawe, akaishia kuuza mkaa. Baba ndiye aliyechonga jiwe jipya, akasifiwa, jina lake likaandikwa kwenye kibao cha shaba ukumbini, nasi wanawe tukawa tunawapeleka wageni kukiona, tusijue kwa nini yeye mwenyewe alizungukia mtaa wa nyuma asipite pale.

Alistaafu mwaka 2009. Mapafu, yaliyojaa vumbi la mawe, yalianza kumsumbua mwaka 2016, na mwezi uliopita, akiwa amelazwa, aliomba Mjomba aitwe.

"Shemeji, jiwe lile nililivunja mimi," alisema, uso ameugeuzia ukutani.

"Najua. Nilikuwa chini ya ngazi, nilikuona."

"Mbona ulinyamaza?"

"Dada yangu alikuwa na mimba. Ningesema, mngekula nini?" Kisha Mjomba akasimama. "Nimekusikia. Lakini ule uongo ulisikiwa na mji mzima."

Basi mji usikie na huu ukweli. Binti aliyekuwa tumboni siku ile ndiye huyu, na anausoma kichwa chini.

Baba alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2018, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na waashi wenzake waliofika. Kibao tumeomba kiondolewe. Na wewe Mjomba, ambaye jana, bila kuombwa na mtu, ulishuka kaburini na mwiko ulioazima, ukajenga kuta zake nne peke yake mpaka zikanyooka, hatuna neno la kukutosha, tunakuomba radhi mbele ya wote.

Baba, umesemewa ulichoshindwa kusema. Pumzika kwa amani.