Ada ni Baada ya Mavuno: Maisha ya Mama Emerensia Kuuire, 1946–2018

Mama Emerensia alizaliwa hapa hapa Puoteng, mtoto wa tatu wa Mzee Tengan. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika, ila alibatizwa tarehe 23 Januari 1946. Mimi Polikapi, mdogo wake, ndiye niliyempokonya mgongo wa mama.

Shule alisoma majuma matatu. Ilikuwa Septemba 1955, ghala tupu, mtama ungali shambani, na wasiolipa ada walirudishwa langoni. Baba aliomba asubiriwe hadi mavuno. Mavuno yalipofika alikwenda na ada mkononi, akakuta nafasi ya dada ina mtoto mwingine. Alikuwa ameshajifunza herufi tatu tu za jina lake: EME. Akakaa nazo maisha yote. Kila chungu chake kilikuwa na EME ubavuni.

Kazi yake ilikuwa kupika pito, pombe yetu ya mtama, tangu 1960. Kuna padre mmoja alihubiri vikali juu ya pombe, misa ikaisha, akaja kuomba kibuyu. Dada akamwambia, “Baba, hiki cha kwanza ni asante ya mahubiri. Cha pili unalipa.”

Tarehe 18 Aprili 1964 alifunga ndoa na Gaspard Kuuire, fundi mwashi, mtu mpole aliyetutoka mwaka 2003. Mungu aliwapa watoto sita, akawachukua wawili wangali wachanga.

Sasa nifike kwenye lile mnalolisubiri. Jumatatu tarehe 11 Septemba 1989, watoto arobaini na mmoja walirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mwanawe Linus akiwamo. Dada hakulia. Alipita shambani, akakata suke bichi la mtama, akaenda nalo ofisini kwa Padre Atinga, mkuu wa shule. Padre alikuwa Mfrafra, na Wafrafra ni watani wetu, kabila tunalolitania kwa kula mbwa.

“Mtani, nimeleta ada. Kula.”

“Mama Eme, hili halijakomaa!”

“Nyie mnaomaliza kichwa cha mbwa na masikio yake, leo mnaogopa mtama? Kula!”

Mtani hakatai. Padre alitafuna, akatema. “Maganda matupu!”

“Basi ndiyo ada ya Septemba hiyo. Mungu mwenyewe hajaiivisha, wewe unaidai. Ngoja Desemba.”

Padre alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akauliza, “Na Desemba wasipolipa?”

“Utanikuta mimi langoni.”

Watoto walirudi darasani kesho yake. Na kila Desemba, miaka ishirini na minane, dada alisimama langoni na chungu chake, akimpa kibuyu kila mzazi aliyekuja kulipa, na kumwimbia kwa jina yule ambaye hajaja. Mwaka mmoja wa ukame walimaliza kulipa Februari. Lakini walimaliza.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Mwezi uliopita shule ilipata mkuu mpya, na barua ikaja: ada yote ilipwe kabla ya kufungua, asiyelipa asifike. Linus, ambaye sasa ni mwalimu pale pale, alimsomea mamaye kitandani. Dada akasema, “Kanikatieni suke.” Jumapili tarehe 2 Septemba 2018, kabla ya kengele ya misa, alifariki akiwa nalo mkononi.

Ndilo lile mnaloliona limening'inia juu yake, kwa desturi yetu ya kumtundikia marehemu alama ya kazi yake.

Padre mkuu mpya, karibu, tunakuona mstari wa mbele. Wewe si mtani wetu, kwa hiyo hili hatukutanii. Jumatatu watoto wote wataingia darasani. Ukiweka mtu wa kuwarudisha, atatukuta akina mama wa Puoteng langoni, na mimi mzee na fimbo yangu. Hatuombi bure. Ada utaipata, yote, mtama ukiiva.

Marehemu ameacha watoto wanne, Bibiana, Evaristi, Georgina na Linus, wajukuu kumi na wanane, mdogo wake mmoja, na vyungu saba. Desemba hii Bibiana atasimama na chungu cha EME mahali pale pale.

Dada, wewe sasa pumzika kwa amani. Sisi bado tuko langoni.