Nati ya Nyuma ya Pampu

Barafu ilikuwa imekwisha yeyuka ghubani, na benchi la mbele ya kibanda cha Hilkka lilikuwa limerudiwa na wenyewe. Pale Lehtoluoto, kisiwa cha Wafini wachache na upepo mwingi, habari hazisubiri gazeti. Zinashukia benchini pamoja na kahawa. Upande wa jua alikaa Askofu, aliyepewa cheo hicho kwa kufagia kanisa mpaka akastaafu, na kwa kumwaga methali popote penye watu wawili. Pembeni yake alikaa Eino, ambaye tangu Novemba watu walimwita Saba, kwa hesabu ya vidole vya miguu alivyoachiwa na baridi. Hilkka alikuwa akimimina kahawa dirishani alipotokea Veikko, fundi wa boti ya uokoaji, wanayemwita Nyundo. Alipanda kutoka gatini, spana mkono mmoja, na mkono wa pili ukichuruzika damu.

— Leo nani kakung'ata? akauliza Hilkka.

— Nati ile ile! Ya nyuma ya pampu ya maji. Nikizungusha spana kidogo tu, mpini unagonga ukuta. Nimelazimisha, spana ikachomoka, ngozi yote imebaki kwenye injini.

— Pole, bwana. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Askofu.

— Askofu, nitakutupa majini na koti lako.

Hilkka akampa kitambaa cha kujifunga na kikombe. Veikko alikunywa akiwa amesimama. Hasira ilimkaba asiweze kukaa.

— Jana nimekwenda mjini, akaanza. Nikamwambia yule wa dukani, kaka, nipe spana fupi moja tu, ya kupita kwenye uchochoro. Akanicheka! Eti moja moja haziuzwi. Seti nzima, kwenye mkoba kama wa mwanamke wa harusini. Na bei inazidi ya zile ndefu! Chuma nusu, bei mara mbili! Hiyo ni akili?

— Wewe huna habari, akasema Hilkka. Wanatengeneza ndefu, wanazikata. Kile kipande wanachokata wanauza tena, vijiko. Ndiyo maana vijiko vya siku hizi vinapinda kwenye uji.

— Siyo hivyo, akadakia Askofu. Kosa liko kwa wahandisi. Wanaajiriwa kwa kupimwa mikono. Mwenye mkono kama wako, Nyundo, anarudishwa mlangoni. Wanataka wenye vidole vya kupiga filimbi. Hao ndio wanaoficha nati.

— Wanaificha makusudi! Veikko akapiga benchi kwa ule mkono mbovu, akaruka kwa maumivu. Mtengeneza injini na mtengeneza spana wanalala kitanda kimoja. Huyu anafunga mlango, yule anauza ufunguo.

— Penye nia pana njia, akasema Askofu.

— Nia ninayo! Njia ndiyo nyembamba, mzee! Tunazungumzia nini tangu asubuhi?

— Na wale wa ofisi ya chama cha uokoaji huko mjini? akauliza Hilkka. Si uliwaandikia?

— Wamejibu. Wanasema, spana mnazo tayari.

Benchi zima liliguna. Hilkka alitukana kwa sauti ya chini, tusi la mabaharia ambalo Askofu alijifanya hakulisikia. Kisha Askofu akainama mbele kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Sasa niwaambie ukweli. Wanataka tuhame. Wamefunga shule, wamepunguza kivuko, bado tumekaa. Wakasema, hawa dawa yao ni nati. Wakaiweka mahali pasipofikika, tuchoke tuhamie bara. Kisiwa wawauzie matajiri wa nyumba za mapumziko.

— Hapo sasa umesema! akapaza Veikko. Tunahamishwa kwa nati!

Ndipo Saba akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, na wote wakamgeukia, maana tangu Novemba Saba alikuwa hacheki.

— Endeleeni, akasema. Wahandisi, vijiko, matajiri. Mimi usiku ule nilikaa juu ya mwamba, boti yangu imezama, nimelowa mpaka kifuani. Naziona taa za hapa. Nahesabu madirisha. Ninyi mlikuwa mnafanya nini?

Veikko akaangalia buti zake.

— Pampu ilikuwa inavuja, Eino. Injini ilikuwa inachemka. Nati ilikuwa...

— Nati ilikuwa imelegea! Na spana ilikuwa ndefu! Miezi yote hii nayasikia maneno hayo hayo. Mkaifunga kwa kitambaa na gundi, mkaja kunitoa kumekucha. Na mpaka leo imefungwa kwa kitambaa na gundi!

— Haraka haraka haina... Askofu akaanza.

— Askofu, nyamaza! akasema Hilkka.

Hapo ndipo alipotokea Annukka, muuguzi mpya aliyeletwa na kivuko cha juma lililopita. Alikuja kununua andazi la mdalasini. Akautazama mkono wa Veikko, akaitazama boti gatini.

— Samahanini, akasema. Mtu akipiga simu sasa hivi kuomba kuokolewa, nani atakwenda?

Hilkka akaanza kufuta dirisha lililokuwa safi. Veikko alisikia uso ukimwaka hadi masikioni. Akaitazama spana aliyoishika. Ilikuwa spana nzuri, nzito, ya zamani. Aliachiwa na fundi aliyemfunza kazi, na tangu ujana wake aliamini kwamba kuikata spana nzima ni sawa na kumkata farasi mzima mguu.

Hakuaga. Aliingia bandani, akaibana spana kwenye jiriwa, akawasha grainda. Cheche zilimwagika hadi mlangoni, na ile nusu ya mpini ikaanguka sakafuni. Aliilainisha ncha kwa tupa, akapasha moto shingo ya kile kipande kilichobaki, akaipinda kidogo kwa nyundo, akaichovya kwenye ndoo ya mafuta. Alifanya yote akitukana, na aliyekuwa akimtukana zaidi ni yeye mwenyewe.

Alipotambaa chini ya injini ya boti alimkuta Saba amekwisha shuka kwa fimbo yake, ameshika taa. Spana ile kibutu iliingia nyuma ya pampu, ikakamata nati. Ikasogea kidogo. Veikko akaitoa, akaigeuza, akaingiza tena. Ikasogea tena. Alikaza hivyo hivyo, kidogo kidogo, jasho likimwingia machoni, mpaka nati ikagoma kusogea.

Akawasha injini. Wakasubiri ipate moto. Saba akapitisha kiganja chini ya pampu, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu.

Akazima taa.

— Asubuhi moja, akasema. Veikko, kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Akapanda ngazi polepole na mguu wake mbovu, akamwacha Veikko amekaa kando ya injini inayounguruma vizuri.