Mama Siku Moja na Kura ya Mkoa wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mliyemwita Mama Siku Moja. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, wanawe wakiwa kando yake.

Alikuwa mwalimu wa sekondari na katibu wa chama mkoani kwetu. Mkoa wa mwisho. Nasema wa mwisho kwa sababu kura za mchujo, za kumpata mgombea urais wa chama, zilipigwa mkoa baada ya mkoa, na sisi tuliwekwa mkiani. Zamu yetu ilipofika, wagombea wengine walishajitoa. Karatasi ilibaki na jina moja.

Mwaka mmoja wanachama walipanga foleni kwenye mvua. Bibi mmoja akaigeuza karatasi huku na huku, akamuuliza Mama, "Mwanangu, hapa nachagua nini?"

Mama akamwonyesha lile jina moja. Binti yake anasema, "Alirudi nyumbani amenuna. Akamwambia baba, 'Nimewaita watu waje kunyeshewa bure.'"

Tangu hapo akalivalia njuga. Mikoa yote ipige kura siku moja. Siku moja, wasikilizaji! Wakubwa wa chama wakamcheka. Mikoa ya mwanzo ilizoea kubembelezwa na wagombea; nani angeacha utamu huo?

Kwenye mkutano mkuu, Mama aliposimama kuitoa hoja yake, mwenyekiti akaamuru kipaza sauti chake kizimwe.

"Mheshimiwa," Mama akasema, "mimi nafundisha darasa la watoto themanini. Hiki kidude cha nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akawageukia wajumbe wa mkoa wa kwanza. "Ndugu zangu, ninyi mnachagua, sisi tunapiga makofi. Mngekuwa ninyi, mngekubali?"

 Mjumbe mmoja wao, fundi cherehani, akasimama. "Hapana, dada. Tusingekubali." Akanyoosha mkono. Safu yake yote ikanyoosha, kisha safu baada ya safu. Hoja ikapita!

Mchujo uliofuata, wagombea wote walifika kwetu, wakatokwa jasho kujibu maswali sokoni. Mikoa yote ikapiga kura siku moja. Na mgombea wa Mama? Alishindwa vibaya.

Mumewe anasimulia huku akicheka na kufuta machozi: "Nikampa pole. Akaniambia, 'Pole ya nini, baba watoto? Leo tumehesabiwa!' Akacheza jikoni, mwiko mkononi, mpaka mboga zikaungua."

Kwa mzee wetu huyo, kwa binti na ndugu zake, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunamjivunia pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, jiulize: kwenye chama chako, kwenye kikundi chako, hata nyumbani kwako, ni nani huulizwa maoni wakati wenzake wameshaamua? Kesho, anza naye.