Mgeni Ndani ya Seli

Risasi zilikuwa zimenyamaza, na pale Mbunya hakuna aliyekiamini sana kimya hicho. Ndiyo sababu benchi la kahawa lilikuwa limekimbilia sayansi. Charlotte, muuza kahawa, aliimimina kahawa kwa mkono mzito. Alikuwa ametoroka vita Djugu, akilala kwa shangazi yake, mtaa wa Saio, na kesho yake angefanya mtihani wa kuingia shule ya wauguzi. Somo la seli, chembe hai ya mwili, lilikuwa bado linamkataa kichwani. Kibaya zaidi, mjini walinong'ona kwamba nafasi ni za watoto wa hapa.

— Seli ni muji tu, dada, alisema Bariere, dereva wa pikipiki aliyepata jina hilo kwa kuzilalamikia bariere zote, vizuizi vya barabarani. Iko na ngozi inje. Kila kitu kinaulizwa pale: unatoka wapi, unaenda wapi?

— Na katikati kuko noyau, kiini chake, alidakia Prof, aliyewahi kufundisha muhula mmoja. Ile ni gavana. Haitoki, inatuma amri tu.

— Nani anasikia? aliuliza Charlotte.

— Ribozomu. Sawa bamama ya mandazi: unawapa maagizo, wanapika protini.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Seli haina mguu, Bariere.

— Sasa vita ikikuja, itakimbia na nini?

Charlotte alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Na nguvu, Prof? Inatoka wapi?

— Mitokondria. Ile ni jenereta yake. Lakini sikiya: banasema zamani sana haikukuwa ya seli. Ilitoka inje, ikaingia, ikabaki. Mpaka leo iko na maandishi yake ya kurithi, mbali na ya noyau.

Bariere aliruka juu.

— Haa! Basi iko na karte ya kwingine, kitambulisho cha kwao! Irudi kwao! Siye batu ya hapa tutabanana mpaka lini?

Kicheko kilimkauka Charlotte. Lile neno «irudi kwao» lilimchoma, akainamia termosi yake asionekane uso.

Mama mmoja aliyeshuka sasa hivi kutoka barabara ya Djugu, furushi kichwani, alikuwa akingoja kikombe.

— Samahani, wababa. Ile mugeni ilikala miaka ngapi mbele ya kuitwa ya hapa?

Bariere aliketi polepole, akasogea mpaka ncha ya benchi.

— Kaa, mama, alisema, bila kumtazama mtu.

Charlotte alimjazia mgeni kikombe mpaka juu.

— Kesho bakiniuliza hiyo, alisema, nitaandika: bado tunahesabu.