Kadinali Alimshika Darius Mikono

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la kufulia nguo, Agincourt, huku Kanada, hatua chache kutoka kituo cha basi. Kahawa tunanunua mlango wa pili, kwenye vikombe vya karatasi, na tunaiwahi kabla upepo haujaipooza. Jumatatu ile alikuwepo Évariste wa Bukavu, tunayemwita Seminari kwa sababu alisomea upadri akaishia kwenye ndoa. Mzee Madatali aliuza vitambaa Mwanza maisha yake yote, lakini kwa ubishi wake tunamwita Wakili. Dada Candide tunamwita Redio. Analea wazee na anajua habari za kila ghorofa. Katikati yetu aliketi Darius. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, na Alhamisi alitakiwa apande ndege arudishwe Bujumbura. Jana yake kadinali mgeni alikuja parokiani, na Seminari akamsukuma Darius mbele ya gari la kadinali.

— Mambo yameisha, Seminari alisema. Zamani kadinali alihesabiwa sawa na mwana wa mfalme. Akikutana njiani na mtu anayepelekwa kunyongwa, akimgusa tu, huyo mtu huru!

— Darius hapelekwi kunyongwa, Wakili akasema. Anapelekwa uwanja wa ndege.

— Na kule anakoshukia, unajua nani anamngoja?

Darius alikuwa akizungusha kikombe chake bila kunywa.

— Kwani alikugusa kweli, mdogo wangu? Redio akauliza.

— Alinishika mikono yote miwili. Akaniuliza jina. Akasema, "Nitakuombea."

— Mmesikia? Nitakuombea! Hiyo si hukumu? Seminari akadakia.

— Hukumu ya wapi? Anamwomba Mungu, hawaombi watu wa uhamiaji.

— Wakili, wewe historia ilikupita. Ujerumani kule maaskofu walikuwa na majeshi! Walitoza kodi, walifunga watu jela, walitengeneza sarafu zao. Wengine walipiga kura kumchagua kaisari!

— Sarafu zenye sura ya askofu?

— Sura, kofia na fimbo!

— Basi kadinali amtengenezee Darius pasipoti, alisema Redio. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

— Hayo yote walinyang'anywa zamani, mama, Wakili akasema.

— Nani aliwanyang'anya? Ulikuwepo?

Wakili akakohoa, akaweka kahawa chini.

— Tatizo ni hili. Mtu na kadinali lazima wakutane kwa bahati. Ninyi mlipanga. Kisheria haihesabiki.

— Nani kapanga? Aliteleza kwenye barafu!

— Nilisukumwa, Darius akasema taratibu.

— Ungeingia ndani ya gari, Redio akamwambia. Gari la kadinali ni nchi yake. Ukifunga mlango, Kanada imebaki nje.

— Na gari likisimama kwenye taa nyekundu je? Wakili akauliza.

— Taa ni ya Kanada. Gari ni la Roma.

— Basi tumfuate leo hii, Seminari akasema. Samaki mkunje angali mbichi!

Nilitaka kucheka, lakini sikujua tena lipi la kweli na lipi la kijiweni. Darius akainua macho.

— Jana nililala, alisema. Tangu jibu litoke sijalala vile.

Redio akamvuta kola ya koti imkinge upepo.

Basi likasimama, akashuka Carmel, mke wa Darius, bado na sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. Jumapili alikuwa zamuni, hakumwona kadinali. Tukamweleza sote kwa pamoja: mkono, majeshi, sarafu, gari. Seminari akasogea ampishe akae. Hakukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akimtazama mumewe tu.

— Asanteni, kaka zangu, dada yangu, akasema. Sasa niambieni. Begi lake nilifunge, au nisilifunge?

Wakili akatazama barabara. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na habari.