Mpiga Solo Aliyejua Kupisha: Ndugu Albano Nandonde Anatuaga

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Albano Nandonde, fundi umeme wa Idara ya Matengenezo na mpiga gita wa bendi yetu, atakabidhi bisibisi zake na kustaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika Kiwanda cha Sabuni Mtoni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimesimama naye jukwaani tangu bendi ianze, mimi na saksafoni yangu. Nashuku waliniomba pia kwa sababu nimemlalamikia muda wote huo, na walitaka kuona kama nitaweza kumsifu mtu bila kununa. Nitajitahidi.

Alifika Dar es Salaam akitokea Newala mwaka mmoja baada ya Uhuru, gita lake likiwa limeviringishwa ndani ya shuka kama mtoto mgonjwa. Aliajiriwa kubeba makreti. Umeme alijifunza hapahapa, kwa kumshikia taa fundi wa zamani na kumuuliza maswali hadi fundi akachoka. Kiwanda kilipokuwa mali ya umma mwaka 1967 na uongozi ukaamua tuwe na bendi, alitafutwa mtu wa kupiga solo na mtu wa kufufua amplifaya kila inapozimika. Wote wawili walipatikana ndani ya ovaroli moja. Bendi ilipewa jina refu la heshima, lakini mitaa ya Temeke ikatuita Povu Jazz, na sisi tukakubali yaishe.

Kama kiongozi wa bendi hakuwa mtu wa kufoka. Ukikosea aliacha kupiga, akainama kuzitazama nyuzi zake kana kwamba zimemwibia kitu, na wewe ukatamani ardhi ipasuke. Waliochelewa mazoezi hawakuulizwa sababu. Walikuta viti vyao vimegeuzwa kutazama ukuta. Bi Yuliana, mkewe, anasema nyumbani ni hivyohivyo, ila huko aliyegeuziwa kiti mara nyingi ni yeye mwenyewe Albano.

Mwaka 1971 akaja Nassibu Mfaume, kijana wa Keko aliyeajiriwa kwenye jiko la sabuni. Jumapili mchana alikuwa akiimba roki kwenye madansi ya vijana, yale ya bugi, kwa magita ya kuazima na suruali pana chini. Waimbaji wetu wa wakati ule walikuwa watu wa sauti ya katikati, sauti ya kubembeleza. Nassibu alianzia pale wenzake walipokuwa wanamalizia, akapanda. Mazoezi ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Magita yalipiga juu, yeye akapiga juu, na kila mtu akazidisha nguvu ili asikike. Wazee wa bendi wakasema kijana anapiga kelele, arudishwe kwao. Albano akasimamisha muziki.

“Hapigi kelele huyu,” alisema. “Sie ndio tumemzibia njia.”

Wiki ile ndipo alipofanya kazi ambayo wengi wenu mmeisikia kwenye redio bila kujua mnasikia nini. Kwanza aligundua kwamba sauti ya Nassibu inakaa vizuri hatua moja juu ya pale magita yanapopenda kukaa. Kibano cha kupandishia nyuzi hakikuwapo mjini, basi akachukua penseli, akailaza juu ya shingo ya gita na kuifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Gita likapanda, na vidole vikabaki kwenye njia zake za kawaida. Pili, aliwafundisha wapiga gita wote jambo aliloliita kupisha. Mwimbaji akiwa juu, gita lishuke chini. Mwimbaji akishuka, gita linaweza kupanda. Akivuta pumzi, hapo ndipo pa kumjibu, na jibu liishe kabla hajafungua mdomo. Alisema gita na sauti vikiwa pamoja mahali pamoja ni kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, na mwenye adabu ndiye anayesubiri.

Kwa wapiga gita mambo yakawa rahisi. Kwetu sisi wapulizaji hatua ile moja ilikuwa balaa, kwa sababu saksafoni haifungwi penseli. Nyimbo zote zikahamia mahali ambapo kila kidole changu kililazimika kujifunza upya. Nilinuna mwaka mzima. Hata hivyo, ilipofika 1974 na wimbo wetu “Chausiku wa Keko” ukavuma, nilinunia pembeni huku nikicheka. Mnaukumbuka ule ukelele wa mwisho, Nassibu anapoliita jina la Chausiku na kulipandisha mpaka unahisi shingo yako mwenyewe inakaza. Watu walivuka mji kutoka Kimara kuja kuusikia. Na ukisikiliza vizuri, pale kwenye ukelele gita la Albano halipo kabisa. Mpiga solo maarufu kuliko wote Temeke, mahali pazuri kuliko pote kwenye wimbo, alikuwa anashusha mikono.

Mwishoni mwa 1978 Nassibu alikwenda vitani Kagera pamoja na wenzake wa mgambo. Alirudi mwaka uliofuata, tunashukuru Mungu, lakini alirudi na homa ya mapafu iliyomlaza wiki nyingi. Alipokuja mazoezini aliimba beti mbili tu na Albano akainama kuzitazama nyuzi zake. Hakuna aliyekuwa amekosea. Ile sauti ya juu haikuwapo tena.

Wafanyakazi wapya hawajui utaratibu wa wakati ule, kwa hiyo niueleze. Mwanabendi alifanya kazi nusu siku kwenye idara yake, kisha mazoezi. Akitolewa kwenye bendi, anarudi idarani siku nzima. Idara ya Nassibu ilikuwa jikoni, penye mvuke wa magadi makali tunayoyaita kostiki. Daktari alikuwa ameshasema kifua chake hakitastahimili, na hata ile nusu siku wenzake wa jikoni walikuwa wanamfichia, wakimweka dirishani. Hakukuwa na nafasi ya kumhamishia popote. Kipaza sauti ndicho kilichokuwa kinamtoa kwenye ule mvuke.

Albano hakumwambia mtu neno. Alizilegeza nyuzi kidogo, na kila sauti ya Nassibu iliposhuka, akazilegeza tena, na wenzake wakafuata gita lake bila kuuliza. Wapulizaji tuliuliza, kwa sababu tulikuwa tunahamishwa nyumba kila baada ya miezi michache. Akanijibu, “Fakihi, ndugu yangu, puliza tu.” Nikapuliza. Nyuzi zilipolegea mno zikaanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Zilihitajika nene zaidi, na mwaka ule wa 1981 madukani hata sabuni yetu wenyewe ilikuwa haionekani, sembuse nyuzi za gita. Akafumua nyaya za breki za baiskeli yake. Majirani wa Mtoni watakumbuka miezi ile, mzee wa ovaroli anateremka mteremko asubuhi, miguu imetanuliwa, anapiga kelele watu wakae kando. Walidhani amechanganyikiwa. Breki zake zilikuwa zinamwimbisha Nassibu.

Lakini watu wana masikio. Minong'ono ikamfikia Meneja Utumishi wa wakati ule, Bwana Wilbert, kwamba Nassibu hapandi tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Akatuita na kutamka mbele yetu sote: kwenye mashindano ya bendi za viwanda siku ya Mei Mosi tutapiga “Chausiku wa Keko”, na ukelele ule usiposikika, Nassibu atampisha Gaspar wa Idara ya Upakiaji, kijana mwenye koo zima. Nassibu akaitikia, “Sawa, mkuu.” 

Tulijiandaa. Kwa zile nyuzi za breki wimbo ulishuka hadi mahali ambapo Nassibu angeweza kuufikia ukelele, kwa shida, lakini angeufikia. Tulifika uwanjani Temeke saa nane mchana tukiwa na matumaini. Zamu yetu ilipokaribia, mwenyekiti wa mashindano akatangaza kwamba muda umekwenda sana, na hakuna bendi itakayofunga vyombo vyake. Wote watapiga kwa magita yaliyokwisha kuunganishwa jukwaani.

Magita yale yalikuwa na nyuzi za kawaida, zimekazwa kama kawaida, na muda wa kuzilegeza haukuwapo. Mpiga besi wetu alikuwa mgeni, vidole vyake vilijua njia moja tu. Kwa njia ileile, juu ya nyuzi zile, wimbo ungerudi karibu na kule juu ulikozaliwa. Nassibu alilifahamu hilo kabla yetu. Akamsogelea Albano pembeni ya jukwaa, nami nilikuwa hapo nikilowesha ule mwanzi mwembamba wa kupulizia saksafoni.

“Mzee, mie kule sifiki. Unajua kabisa sifiki.”

“Twende,” Albano alisema. “Watu wanangoja.”

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Alidhani ametupwa, na nakiri hata mimi nilidhani hivyo.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza Nassibu aliupita, wa pili aliupita huku jasho likimdondoka kidevuni. Bwana Wilbert alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani. Katikati ya ubeti wa tatu Albano akapiga goti nyuma kwenye amplifaya, kama fundi anayeshika waya uliolegea, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa maisha yake yote jukwaani alikuwa akishika nyaya zilizolegea. Akasimama. Nassibu akavuta pumzi, akakiinua kichwa, akafungua mdomo kuliita jina la Chausiku. Nilikuwa hatua moja nyuma yake. Kilichotoka ni hewa tupu, kama mpira wa baiskeli uliotobolewa.

Hakuna mwingine aliyesikia. Sekunde ileile gita la Albano lilipasua uwanja. Alikuwa ameifungua amplifaya hadi mwisho, akakimbilia juu kabisa ya shingo ya gita, akazivuta nyuzi na kuupiga ule ukelele yeye mwenyewe, sauti kwa sauti, kwa nguvu ambayo hatukuwahi kumsikia nayo. Nassibu alibaki mdomo wazi, shingo imekaza, na kwa aliyetazama kutoka chini alikuwa anaimba kwa roho yake yote. Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja aliyekaa karibu akapaza sauti, “We mzee, mpishe mwenzio bwana! Ndo tabia gani hiyo?” Albano hakushusha mikono mpaka ukelele ulipokwisha.

Tulishika nafasi ya mwisho. Mwamuzi alisema gita limemfunika mwimbaji, tena kwa makusudi. Bwana Wilbert alikuwa na hasira hadi mishipa ikamsimama shingoni, lakini utaratibu wake ulimbana: mtu ambaye hakusikika hawezi kuhukumiwa. Nassibu akabaki na kipaza sauti chake. Albano aliitwa mbele ya kamati na kuulizwa kilichompata. “Nilipitiwa,” alisema. Akavuliwa uongozi wa bendi, solo akapewa Alfonsi, na yeye akawekwa gita la kati, lile la kusindikiza tu, nyuma, karibu na drams. Nilimfuata nikitaka kwenda kusema kweli. Akanikataza. “Ukisema, kesho yupo jikoni,” alinijibu. Nikanyamaza.

Amekaa nyuma pale miaka mitatu. Ameitwa mwenye wivu, mzee asiyetaka vijana wang'are, na wapo waliomtupia maneno hayo kantini akiwa na sahani mkononi. Akawa anakula tu. Huku nyuma, jioni kwa jioni, alikaa na Nassibu wakiutafuta upya ule wimbo kutoka chini, taratibu, mpaka sauti nzito ya sasa ikapatikana. Vijana walioajiriwa majuzi wanadhani Nassibu alizaliwa nayo.

Bwana Wilbert amekwisha kuhamishiwa mkoani. Nassibu tangu mwaka jana ni mtunza ghala wa kudumu, mbali na mvuke, na hakuna wa kumrudisha. Mwezi uliopita alinijia nyumbani. “Kaka Fakihi, andika,” aliniambia. “Mzee hatasema mpaka anakufa. Mie siwezi kumwacha aende zake shambani Kibamba watu wakiamini alinionea wivu.” Alilia, na mimi pia. Ndugu wafanyakazi, nimeandika. Mtu mliyemwona akimfunika mwenzake ndiye aliyekuwa akimpisha kuliko siku zote.

Ndugu Albano, utasoma haya na utainama kuzitazama nyuzi zako. Tazama upendavyo, yameshachapwa. Asante kwa taa ulizotuwashia, kwa amplifaya ulizozifufua na kwa mafunzo ya adabu ambayo hatukuyalipia. Asante Bi Yuliana kwa kutuazima mume jioni zote zile. Huko Kibamba mihogo yako istawi, afya ikukae mwilini, na baiskeli tuliyokuchangia, yenye breki zote mbili, ikufikishe salama kila uendako.

Jumamosi kantini tutapiga “Chausiku wa Keko”. Alfonsi ameshakiacha kiti cha mbele bila kuambiwa. Ufunguo wa wimbo, uwe wa juu au wa chini, chagua wewe, wowote utakaoutaka, wapulizaji hatutanuna. Tukifika kwenye ukelele, Nassibu ameomba anyamaze. Mzee wetu, solo ni yako, na safari hii usimpishe mtu.

Fakihi Nangomwa
Saksafoni, Bendi ya Wafanyakazi